Mshenga wa Karakana ya Midoli

Naitwa Yona, na kabla hujasikia kwa mwingine nakwambia mwenyewe: ndoa thelathini na moja za mji huu zimepita mikononi mwangu. Kasingirima, Gungu, Mwanga mpaka Kibirizi, za kanisani na za msikitini. Mtu akikwambia mshenga ni mbeba barua tu, ujue huyo hajawahi kutumwa kwa baba mkwe mwenye kisirani. Nilikuwa mkata tiketi wa reli, nikastaafu, ushenga ukanidaka. Posa mbili tu ndizo zilizonishinda, na zote mbili zilikuwa kwa binti mmoja, Dorotea wa Agnesi, hapa hapa Kasingirima.

Posa ya kwanza ilikuwa ya mwalimu wa Kidahwe, mtu mpole, ana nyumba ya matofali. Ya pili ya mfanyabiashara wa dagaa, ambaye sikumsifia sana lakini alikuwa na meno yote. Dorotea alinijibu vilevile mara zote mbili, tena kwa adabu zake zote: "Mzee wangu, ahsante kwa kunifikiria. Mimi nina kazi." Nina kazi! Kwani wenye kazi hawaolewi? Nilikasirika, sikufichi. Mama yake alikasirika kunizidi. "Anashona watoto wa matambara huko Gungu," Agnesi alikuwa akisema kwa yeyote aliyesimama kumsikiliza, "wa kwake hana, na miaka thelathini na sita hiyo hapo."

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye karakana ya Mama Elinipa. Huyu mama ni wa kutoka Same, aliletwa Kigoma zamani kama afisa maendeleo ya jamii, akastaafu, akakataa kurudi kwao. Akafungua karakana ya vitu vya kuchezea watoto: malori ya mbao, mitumbwi midogo yenye vitaa kama ya wavuvi, na midoli ya vitenge. Midoli ndiyo iliyompa jina, na sura za midoli hiyo alikuwa akizidarizi Dorotea peke yake. Wengine walikata kitambaa, wakajaza sponji, wakashona mikono na miguu, lakini macho na mdomo walimwachia yeye. Nimeona mdoli wake mmoja ameweka sura ya mtu aliyeudhiwa na jirani, nikacheka mwenyewe pale sokoni mpaka watu wakaniangalia.

Watu kumi na wanne walikuwa wakila kwenye karakana ile. Ikifika Idd na Krismasi walikuwa hawalali, maana wanunuzi walitoka Bujumbura, Kalemie na Uvira, wanashuka Kibirizi na kuondoka na maboksi kichwani. Halafu mambo yakapoa. Idd ya mwaka huu iliuza nusu. Tukasema labda Krismasi. Novemba ikaingia, mnunuzi wa Kalemie aliyezoea kuchukua maboksi kumi akachukua mawili, tena akinung'unika. Madukani kumejaa midoli ya plastiki inayoimba ukiibonyeza tumbo, na mtoto wa siku hizi akishaisikia hiyo humwambii kitu. Mama Elinipa akapiga hesabu zake, akaona lazima apunguze watu watano.

Wa kwanza alikuwa Oswald, fundi wa malori. Alipewa barua mkononi, mchana, mlangoni pa karakana. Jioni hiyo hiyo mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba Oswald ameiba rangi. Nani kasema? Hakuna. Kila mtu kasikia. Kwetu huku mtu akirudishwa nyumbani ghafla hakuna anayeuliza habari za soko, watu wanauliza kaiba nini. Ndugu wa mkewe walikuja kutoka kijijini kuhoji. Yule bwana sasa anapita njia za uchochoroni kama mwenye deni, na hakuiba hata msumari.

Mama Elinipa alipoisikia habari hiyo, ilimuuma. Akanifuata nyumbani.

"Shikamoo mzee Yona."

"Marahaba mama. Mbona uso umekunjamana?"

"Huku kwenu habari nzito inapelekwaje nyumbani kwa mtu?"

"Inapelekwa na mtu mzima," nikasema, nikijivuta kwenye kiti. "Anayeheshimika. Anayejua kuongea."

Unaona nilivyojitegea mtego? Akasema ana barua ya Dorotea, siku ya mwisho ya kazi ni Ijumaa, na yeye mwenyewe hana uso wa kumwambia. "Nimejaribu mara tatu. Nikimwangalia namwambia tu, leta uzi mwekundu." Akaniomba niende nikaongee na familia polepole, niwaeleze kwamba ni soko, si kosa la binti, kisha niwaachie barua. Akaniita mzee wetu. Nami ukiniita mzee wetu nakuwa kama mtoto aliyepewa pipi. Nikakubali.

Sasa hapa ndipo nilipofanya upumbavu, na nakuomba usinicheke sana. Mtu aliyefunga safari za namna hii kwa miaka ishirini, mwili wake una mazoea yake. Niliamka asubuhi, nikavaa koti, nikapiga kiatu rangi. Nikatoa kitambaa cheupe kipya sandukuni, nikaifunga barua ndani yake kwa fundo, nikaiweka kwenye sahani ya maua na kufunika. Sikufikiri! Mikono ilikuwa inajifanyia kazi yake tu. Nikapita barabara ya Kasingirima na sahani yangu mkononi, mshenga mzima, watu wananisalimia kwa tabasamu kubwa kubwa, na mimi nawarudishia.

Nikabisha hodi na kusalimu kwa Kiha. "Mwakeye hapa!"

Agnesi alitoka akiwa na unga wa muhogo mikononi. Akaniona, akaliona koti, akaiona sahani. "Yebabawe!" akapiga kelele, na kabla sijafungua kinywa kigelegele kilikuwa kimeshavuka nyua tatu. Majirani wakaingia. Sahani ikatoka mikononi mwangu sijui ilikwendaje, nikaketishwa kwenye kiti cha wageni, na huko nyuma nikasikia kuku akikimbizwa.

Utaniuliza, mzee mzima, kwa nini hukusema? Nilitaka kusema. Lakini mama wa watu alikuwa analia kwa furaha ameshika mikono yangu, anasema Mungu amemkumbuka, anasema posa ya tatu binti hakatai. Nikajiambia nitasema akikaa. Hakukaa. Nikajiambia nitasema baada ya chakula. Kuku akaletwa, kaungwa na mawese, na ugali moto. Nikala. Nilikula kuku wa mama yule nikijua nilichokileta, na paja likanikwama hapa kooni, lakini likapita. Barua nayo ikawekwa juu ya kabati ikiwa na fundo lake. Kwenye familia hii barua ya namna ile haifunguliwi na mwanamke wala na mgeni. Baba yake Dorotea alishafariki, kwa hiyo mwenye kuifungua ni baba mdogo wake, Elikana, mvuvi wa dagaa kule Ilagala. Na mvuvi wa dagaa humtoi ziwani wakati wa giza. Mpaka mwezi ujae, taa zisifae kitu majini, ndipo atakuja. Hesabu ya haraka ilikuwa wiki tatu.

Dorotea alirudi kutoka kazini akakuta nyumba imejaa. Akatuangalia, akaangalia kabati. Nilipoaga, akatoka kunisindikiza mpaka barabarani, na tulipofika penye mti wa mchikichi akasimama.

"Mzee Yona, ile barua imetoka kwa Mama Elinipa."

Nikakohoa. Nikaangalia viatu vyangu.

"Mimi si mtoto. Tangu juzi hanitazami usoni, ananiagiza uzi mwekundu tu. Uzi mwekundu umejaa kabati zima." Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Wanaume wawili nimewakataa kwa sababu ya kazi. Leo kazi imenitumia mshenga kunikataa."

Nilimwomba radhi. Nikamwambia narudi sasa hivi ndani, naliweka jambo sawa. Akanishika mkono wa koti.

"Hapana. Acha isubiri. Kama haijafunguliwa sijaachishwa, nitaendelea kwenda. Huenda Krismasi ikachangamka, akabadili mawazo. Na isipochangamka, sitaki kutoka kama Oswald. Sitaki mama yangu aulizwe kisimani nimeiba nini. Nataka aliyenipa kazi aje mwenyewe aseme kwa nini."

"Na mama yako anayefurahi hivi?"

"Hilo litaniuma," akasema. "Lakini kazi nayo inaniuma."

Basi. Ijumaa ikafika na kupita, Jumatatu Dorotea akaingia karakana saa mbili kasoro kama kawaida, akavaa aproni, akachukua sindano. Mama Elinipa karibu azimie. Akanitafuta mchana huo huo, jasho linamtoka.

"Mzee, barua uliifikisha?"

"Niliifikisha."

"Mbona amekuja?"

"Haijafunguliwa. Wanamsubiri baba mdogo."

"Baba mdogo wa nini tena?" Halafu akaniangalia vizuri, na kwao Same nao wana mila zao, akaelewa. "Mzee Yona. Uliifunga kitambaa?"

"Niliifunga."

"Na sahani?"

Nikaitikia kwa kichwa. Yule mama akakaa chini kwenye ngazi, akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaacha kucheka. Nikamwambia, wewe si upo naye kila siku, mwambie tu. Akasema, "Ningeweza kumwambia, ningekutuma wewe?"

Wiki tatu zile sitazisahau. Dorotea alishona kama mtu aliyepewa mikono minne. Jumapili akitoka kanisani anabeba midoli kwenye ndoo, anakwenda nayo mnadani, anakwenda nayo kwenye ubatizo, siku moja alifika nayo mpaka Kidahwe, akapitia, nasikia, mbele ya nyumba ya yule mwalimu aliyekuwa amemposa. Mke wa mwalimu akanunua mmoja. Ungependa nikwambie Krismasi ilichangamka? Haikuchangamka. Mnunuzi wa Bujumbura alipiga simu akasema mwaka huu basi. Maboksi yakapangwa ukutani mpaka dirisha likazibwa.

Nyumbani nako Agnesi alikuwa amerudi ujana. Alimzuia Dorotea kuchota maji. Alimpa kitanda chake mwenyewe. Akipita njiani anaimba, na kila akiniona ananiuliza kwa kunikonyeza, "Ni nani? Nidokeze jina tu." Nami najikausha, nasema mshenga hasemi kilichomo, ambayo ni kweli kabisa, na sijawahi kuichukia kweli kama ile. Nilianza kupita njia za Oswald za uchochoroni. Tukakutana huko siku moja, tukasalimiana, wote wawili hatukuuliza mwenzetu anatoka wapi.

Mwezi ukajaa. Elikana akaja na samaki wa mgebuka mkubwa aliyekaushwa na shati lililopigwa pasi. Nikaitwa, maana mshenga lazima awepo barua ikifunguliwa. Sebuleni tulikuwa sisi, na dirishani vichwa vya majirani vilikuwa vingi kuliko nilivyoweza kuvihesabu. Dorotea aliketi kwenye mkeka kando ya mama yake, mgongo umenyooka.

Elikana akafungua fundo. Akavaa miwani. Akasoma kimya, akarudi juu, akasoma tena.

"Soma kwa sauti, shemeji," Agnesi akasema. "Anza na jina la bwana harusi."

"Hakuna bwana harusi hapa," Elikana akasema. "Kuna karakana."

Akaisoma yote. Kupungua kwa mauzo ya sikukuu, kupunguzwa kazini, tunakushukuru kwa utumishi wako wa miaka kumi na moja. Alipomaliza akavua miwani. Kisha dirishani sauti ya mwanamke ikauliza, wala haikujificha sana, "Kwani kaiba nini?"

Nikamwona Dorotea akifumba macho.

Agnesi aligeuka kwangu kwanza. "Ulikula kuku wangu ukijua?"

"Nilikula nikijua, mama. Nisamehe."

"Na wewe," akamgeukia bintiye, "umenisikiliza nikiimba wiki tatu?"

"Nilikusikia, mama. Nilikuwa naitaka kazi yangu. Naipenda. Sikujua nikwambieje kwamba naipenda, maana ukiitaja unasema matambara."

Nilidhani atampiga kofi. Hakumpiga. Alikaa tu ameshika goti lake, na Elikana akaomba kalamu. Akachana karatasi ya daftari, akaandika huku anatamka kila neno, dirisha lote lisikie: "Barua yenu tumeipokea. Binti yetu hamkumchukua kwa barua, na hamtamrudisha kwa barua. Mwenye maneno aje leo, ayaseme kwa kinywa chake." Akaikunja, akanipa. "Peleka. Kitambaa hapana."

Nilipanda bodaboda mpaka Gungu, na koti langu lilikuwa linapepea kama la kichaa. Mama Elinipa aliisoma amesimama kati ya maboksi. Aliisoma muda mrefu kuliko urefu wake. "Barua tano nimetoa," akasema, "hii ndiyo ya kwanza kujibiwa." Akavua aproni, akafunga kilemba, akapanda nyuma yangu. Watu wazima watatu kwenye pikipiki moja, na dereva analalamika njia nzima.

Alipoingia, majirani walimpisha. Hakukubali kiti. Alikaa kwenye mkeka, akiangaliana na Dorotea, na nikaona anatafuta, wallahi, anatafuta uzi mwekundu wa kuagiza. Akaukosa.

"Dorotea," akasema, "sina kazi ya kukupa tena. Midoli hainunuliwi. Nimejaribu, wewe umejaribu zaidi yangu, haikuwezekana. Nilipaswa kuja siku ile. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kukuangalia. Wale wengine niliweza. Kwako wewe ndiko midoli yangu ilikopata sura, watu wa Kalemie walikuwa wanauliza nani anatia sura hizi. Wewe unashona kuliko mtu yeyote aliyepita kwangu."

"Basi mwambie mama," Dorotea akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Usiniambie mimi. Mimi najua."

Mama Elinipa akamgeukia Agnesi. "Mama, binti yako hakufanya kosa lolote. Anashona kuliko wote."

Agnesi alikuwa bado ameshika goti. "Kuliko wote?"

"Kuliko wote."

"Hata wale waliosoma ufundi Dar?"

"Hata wao."

"Rudia."

Akarudia.

"Sasa nenda dirishani urudie," Agnesi akasema. "Wale hawajasikia vizuri."

Mama Elinipa akainuka na magoti yake mabovu, akaenda dirishani, akashika nondo kwa mikono miwili. Vichwa vikarudi nyuma kidogo. Akasema kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kwenye mikutano ya kijiji, kwamba Dorotea hakuiba kitu, Oswald hakuiba kitu, hakuna hata mmoja kati ya watano aliyeiba kitu, karakana ndiyo imeshindwa. Na kwamba katika miaka yote, hakuna mkono ulioshika sindano kwake ukamfikia huyu binti.

Dorotea, ambaye kwa wiki tatu sikumwona na chozi, aliinamia mapaja ya mama yake akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka thelathini na sita. Agnesi hakumnyamazisha. Aliuchukua mkono wake wa kulia, akaanza kuvitazama vidole, kimoja kimoja, pale penye alama za sindano.